Sura ya Tisa: Mgeni Asiyeonja Chakula cha Khavere

Mtu akilipa kuutazama ukuta uliochorwa picha, huyo ni mgeni. Akilipa mara ya pili, pengine amependa rangi. Lakini akirudi Jumamosi ya tatu, tena akalipia matembezi ya asubuhi na ya alasiri kwa siku moja, huyo hana haja na ukuta.

Hivyo ndivyo alivyowaza Muhonja alipomwona yule mwanamke wa miwani myeusi amesimama mbele ya ukumbi wa mtaa wa Mbotela, kitambaa cha manjano kichwani na mkoba mkubwa begani, ametulia kama mtu anayekagua shamba kabla ya kulinunua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzuri wa umbo, na uzuri huo Muhonja aliuona kuliko alivyotaka kuuona.

"Dada, umerudi tena," alimwambia.

"Nimerudi. Kwani kuna mpaka?"

"Hakuna. Ila maneno yangu ni yale yale ya wiki jana."

"Ndiyo yamenileta. Nataka nione kama leo yatabadilika."

Akajiandikisha kwa jina moja tu, Triza, kisha akaenda kusimama nyuma ya wenzake.

Kwa miaka mingi ukumbi ule ulikuwa gofu. Mvua iliingia, popo wakazaana darini, na mbuzi wa wenyeji walijikinga jua ndani. Kisha watu wa mtaa wakaamka. Paa likaezekwa, sakafu ya mbao ikalazwa upya, kuta za nje zikachorwa nyuso za wachezaji kandanda, akina mama wa soko na wafanyakazi wa reli. Sasa kila Jumamosi vijana walipigana ndondi ndani, nje zikalia ngoma za isukuti, mzee Muoki akacheza santuri za zamani chini ya mwavuli, na watu waliokuwa wakifunga vioo vya gari wakipita Barabara ya Jogoo walishuka wenyewe kuja kutazama. Muhonja, mzaliwa wa Makongeni, ndiye aliyewatembeza. Alikuwa na miaka thelathini, na sauti inayofika nyuma bila kupiga kelele.

Katika ukumbi huo huo ndimo alimompata Wakoli. Wakoli ndiye seremala aliyeilaza ile sakafu. Siku ya kwanza alimzuia Muhonja mlangoni na kumwambia avue viatu, na Muhonja akamwambia kwamba mtaa huu ni wake na atatembea anavyotaka. Walibishana nusu saa. Baadaye alivua viatu. Sasa ulikuwa mwaka mzima, na mwezi ujao wazee wa Wakoli walikuwa waje kutoka Bungoma kujitambulisha.

Mapenzi yalikuwa yamefika mlangoni. Ndiyo maana yule mwanamke wa miwani alimkosesha Muhonja usingizi.

Msafara wa asubuhi ulianzia Makongeni, kwenye nyumba za reli. Mbele ya nyumba hizo palikuwa na mlingoti wa zamani wa ishara, uliosimamishwa upya na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe.

"Treni zilipokuwa zikiingia Nairobi," Muhonja alieleza, "dereva aliutazama mkono huu wa chuma. Ukinyooka hivi, njia iko wazi. Ukiinama, anasimama."

"Hata kwangu ni hivyo," alisema kijana mmoja aitwaye Ndung'u, aliyekuja na mkewe wa miezi miwili. "Eve akinyoosha mkono, najua anataka simu yangu."

"Na wewe ukiinama," mkewe akajibu, "najua umepatikana."

Watu walicheka. Triza hakucheka. Alisogea karibu na Muhonja, akanusa kidogo kama mtu anayeonja chai ya jirani.

"Haya ya reli ulifundishwa na nani?"

"Na baba yangu. Alikuwa mtu wa ishara."

"Marehemu?"

Muhonja aliganda. Katika miaka mitatu ya kutembeza wageni, hakuwahi kumwambia hata mmoja kwamba baba yake ni marehemu. Tangu awe mtu mzima, neno hilo alilisema kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Ndiyo," alisema. "Twende, jua linakuwa kali."

Waliporudi Mbotela, walipita ukuta wenye picha ya mwanamke aliyebeba samaki, wakapita mafundi cherehani, wakafika kwenye kinu cha kusagia unga. Nyuma ya kinu palikuwa na uchochoro mfupi uliotokea moja kwa moja upande wa Jericho. Muhonja aligeuza kundi lote kushoto, njia ya vumbi inayozunguka ukuta wa kanisa.

"Samahani," Triza aliita kutoka nyuma. "Mbona tunazunguka? Njia si hii hapa?"

"Mfereji wa maji machafu umepasuka huko."

"Wiki jana pia ulikuwa umepasuka."

"Ndiyo."

"Na ile nyingine." Triza alishusha miwani, macho yake yakaonekana kwa mara ya kwanza, makubwa na bila haraka. "Ni mfereji gani huo, dada, unaopasuka kila Jumamosi?"

Eve aliguna kwa kicheko. Muhonja aliendelea kutembea kana kwamba hakusikia, lakini mgongo wake wote ulikuwa umesikia. Katika uchochoro ule aliishi mtu mmoja aliyeitwa Bwire, mzee mrefu, mstaafu wa reli. Alikuwa hai. Alikuwa na redio na kiti cha miguu mitatu. Muhonja alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mtu huyo alibeba sanduku lake kutoka nyumba ya Makongeni, akahamia kwa mwanamke aitwaye Adoyo, mwendo usiofika robo saa. Kulipokucha watoto wa shule walimwuliza Muhonja baba yake yuko wapi. Baba aliyekufa huliliwa. Baba aliyehamia mtaa wa pili huchekwa. Akasema amekufa. Uongo huo alikua nao kama mtu anavyokua na kovu, na Wakoli alipouliza, kovu likajibu lenyewe.

*

Matembezi yaliishia soko la Jericho, kwenye kibanda cha mama yake, Khavere. Hapo wageni walinawa mikono na kuonja chakula cha magharibi: ugali wa wimbi, mrenda, kunde zilizokolezwa kwa maziwa. Hiyo ilikuwa sehemu ya tiketi. Ndung'u alikula akaomba nyongeza, akasema mkewe ajifunze. Eve akasema yeye mwenyewe ajifunze, mikono anayo.

Triza alikaa pembeni, akafungua mkoba, akatoa ndizi mbili zake, akala.

Khavere alimtazama juu ya sufuria, akamvuta binti yake nyuma ya pazia.

"Yule mgeni wako hali."

"Labda hapendi mrenda."

"Mtu mwenye lafudhi ile? Huyo amezaliwa Bungoma, mrenda ameuonja kabla ya kuota meno." Khavere alipangusa mikono kwenye leso yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na aliyatumia yote. "Jumamosi tatu, Muhonja. Jumamosi tatu anakaa kwangu na ndizi zake. Unajua ni nani hukaa hivyo?"

"Nani?"

"Mtu aliyetumwa kuchunguza nyumba. Anayechunguza hali chakula cha watu hao mpaka amalize kazi yake. Akila, amekubali. Akiondoka na njaa, amekataa. Nami nilichunguzwa hivyo. Shangazi ya baba yako alikaa kwetu siku mbili, anakula mahindi aliyokuja nayo mfukoni."

"Usimtaje baba."

"Simtaji. Namkumbuka tu. Sikumwua mimi, aliyemzika ni wewe."

"Mama!"

"Haya. Nenda ukale."

Lakini Muhonja hakula. Alirudi kwenye kundi akamkuta Triza ameondoka. Akawaaga wageni, akaelekea ukumbini upesi. Kuchunguza, sawa. Lakini mtu mzuri vile, aliyejipaka manukato vile, anachunguza kwa niaba ya nani? Wanaume wangapi wa mji huu wana mke nyumbani na mchumba kazini? Na ni mke gani asiyefika siku moja kumtazama huyo mchumba kwa macho yake?

Aliingia kwa mlango wa nyuma, palipohifadhiwa mbao. Sauti zikamsimamisha.

"Nimechoka kungoja," Wakoli alikuwa akisema. "Akijua kabla ya wakati, ataniacha."

"Hatajua. Leo namaliza."

"Ulisema hivyo wiki jana."

"Wiki jana ulinipigia magoti. Leo umesahau?"

Muhonja alichungulia. Wakoli alikuwa amekaa juu ya benchi lake la kazi, kichwa chini. Triza, bila miwani, alikuwa akimpangusa vumbi la mbao usoni kwa ncha ya kitambaa chake cha manjano, polepole, kama mtu aliyezoea.

Mbao ikaanguka. Wote wawili wakageuka.

"Endelea tu, dada," Muhonja alisema. "Sikio la kushoto bado lina vumbi."

Triza alivaa miwani yake. "Mimi nakwenda kununua maji," akasema, akapita karibu na Muhonja bila kumgusa. Mlangoni akageuka. "Matembezi ya alasiri ni saa nane, sivyo? Nimelipa."

Walipobaki wawili, ukumbi ulionekana mkubwa mno. Kwa mbali isukuti ililia.

"Ni mke wako?"

Wakoli alicheka. Lilikuwa kosa.

"Usicheke. Nimekuuliza swali."

"Ni shangazi yangu, Muhonja. Triza. Kitinda mimba wa babu yangu. Kanizidi miaka minane tu, tumelelewa jikoni moja."

"Shangazi! Shangazi huja kwa mpwa wake na miwani myeusi, akaandika jina moja, akajifanya hakujui?"

"Akitumwa na wazee, ndiyo."

Basi mama alikuwa sahihi. Muhonja alihisi afueni, kisha nyuma ya afueni ikaja hasira, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Kwa hiyo umenitumia mpelelezi."

"Sikumtuma mimi. Kwetu hakuna nyumba inayoendewa kabla haijachunguzwa. Mama yangu alichunguzwa. Hata Triza mwenyewe alichunguzwa alipoolewa, tena na bibi kiziwi."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Jumamosi mbili nimepita hapa, unaniuliza, 'Leo wageni walikuwaje?' Nami nakuambia kuna mwanamke mmoja wa ajabu, ananitisha. Ukanishika mkono, ukasema labda ni mwandishi wa habari!"

"Anayechunguzwa haambiwi. Ndivyo ilivyo."

"Basi oa hiyo mila yako. Iambie ikupikie."

Alivua pete ndogo ya mti ambayo Wakoli alimchongea, akaiweka juu ya benchi. Haikutoa sauti, ila Wakoli aliitazama kana kwamba imepiga kengele.

"Sawa," alisema. "Nimekosa kwako, sikatai. Lakini kabla hujaenda nataka nikuulize jambo moja. Moja tu."

"Uliza."

"Baba yako alizikwa wapi?"

Nje ngoma zilinyamaza. Kwa watu wao, wa Bungoma na wa Vihiga na wa Busia, mtu hafi tu hivi hivi. Ana kaburi, kaburi lina boma, boma lina mgomba uliopandwa mwaka ule. Kila mtu anajua ni nani alikwenda na ni nani alikosa.

"Ushago, kijijini kwetu," alisema.

"Kwa nani? Nani walikuwepo?"

"Nilikuwa mdogo."

"Miaka kumi na mmoja si mdogo. Jeneza unalikumbuka. Nyimbo unazikumbuka."

"Wakoli, unaniuliza kama polisi!"

"Nakuuliza kama mtu atakayesimama mwezi ujao mbele ya wazee wake, aseme ng'ombe wa mahari wapokelewe na mjomba kwa kuwa baba hayupo." Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilimtisha Muhonja kuliko ukelele. "Ng'ombe wa binti ambaye baba yake yu hai hawapokelewi na mjomba. Ni kumfukia mtu angali anapumua. Wanasema watoto wa nyumba hiyo hawakai, hufa wachanga."

"Umeanza kuamini hayo?"

"Sijui ninaamini nini. Najua ninampenda nani."

Muhonja alimtazama. Macho yale aliyafahamu. Yalikuwa yakimtazama hivyo alipokuwa akivua viatu mlangoni mwaka jana. Yalikuwa yakingoja.

"Unajua," alinong'ona.

"Ninajua nini?"

"Wakoli, unajua kitu."

"Ninachokijua nitakisema nikikisikia kwako. Kikitoka kwa shangazi kwanza, kitafika Bungoma kama aibu." Alichukua randa yake, akaishika bila kuitumia. "Pete yako iko hapa. Sitaigusa."

Muhonja alipofika mlangoni, aliitwa tena.

"Saa nane nitakuja. Sijawahi kufuata matembezi yako hata mara moja."

"Ni ya kulipia," alisema, akatoka haraka, maana machozi nayo yalikuwa yametoka.

*

Alasiri walikuwa wageni tisa. Ndung'u na Eve walikuwa bado wanazurura mtaani wakiwa na kofia mpya za shanga. Walipoona kundi linajipanga, Eve alisema anataka kuona tena ule mlingoti, kwa kuwa mumewe alibisha ni wa simu. Triza alisimama mahali pake pa nyuma. Wakoli alisimama nyuma ya Triza, amenawa uso, shati safi, mikono haijui iende wapi.

Makongeni, maneno yalimwishia Muhonja mara mbili. "Mkono ukinyooka... njia iko wazi," alisema, akaona aibu, kama kwamba mlingoti wenyewe unamsuta.

Wakarudi Mbotela. Mwanamke wa samaki ukutani. Cherehani. Kinu.

Muhonja alisimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umeinuka, kwa mazoea, kuwageuza watu upande wa kanisa.

Alijua Triza atauliza. Alingoja aulize, ili aweze kumkasirikia. Lakini Triza alinyamaza safari hii. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani, akasogea kando kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nyuma yake Wakoli alikuwa akitazama chini.

"Leo," Muhonja alisema, na sauti yake haikufika nyuma, ikabidi aseme tena. "Leo tutapita njia hii. Haina mfereji uliopasuka. Haikuwahi kuwa nao."

Uchochoro ulikuwa mwembamba na msafi, kuta zake hazijachorwa kitu. Karibu na mlango wa tatu, mzee mrefu alikuwa amekaa juu ya kiti cha miguu mitatu, redio mapajani, sikio ameligeuzia upande wa barabara. Alipoona umati unakuja kwake, alizima redio. Alipoona ni nani anayeuongoza, alisimama, na kusimama huko kulichukua muda.

Muhonja alishika mikono yake miwili mbele, kama anavyofanya kila kituo.

"Mabibi na mabwana," alisema, "kituo hiki hakimo kwenye karatasi zenu. Hapa anaishi Mzee Bwire. Alifanya kazi ya ishara za reli miaka ishirini na minane, na hakuna treni iliyogongana mikononi mwake. Alinifundisha kusoma saa kwa kusikiliza treni ya Kisumu. Siku moja alihama nyumba. Mimi nilikasirika, nikawaambia watu amekufa. Nimesema hivyo miaka kumi na tisa. Nilimwambia hata mtu ninayempenda." Alivuta pumzi. "Hajafa. Ni baba yangu."

Eve aliushika mkono wa mumewe. Mlangoni alitokea Adoyo, mwanamke mnene mwenye mvi, akashika fremu asijue aingie au atoke. Muhonja alimwinamia kichwa kidogo, naye Adoyo akainamisha chake.

Mzee Bwire alisafisha koo. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, kisha binti yake.

"Jumamosi hukaa hapa mwanzo wa uchochoro," alisema. "Ukipita kule kanisani nasikia sauti. Si maneno yote. Upepo ukiwa mzuri nasikia mengi."

"Baba..."

"Unafanya vizuri. Lakini watoto wa shule ya msingi ninaowasaidia hesabu waliniambia unavyoeleza mlingoti. Unakosea."

"Nakosea?"

"Umegeuza. Mkono ulionyooka ni simama. Ukiinama, ndipo njia iko wazi." Aliinua mkono wake mrefu wenye mishipa, akaunyoosha ukiwa mgumu kama chuma, kisha akaushusha pole pole. "Hivi. Niliinama mara nyingi, mama. Hukuwa ukitazama upande huu."

Kuitwa "mama" na baba yake, kama alivyoitwa alipokuwa na miaka mitano, kulimvunja Muhonja pale alipokuwa ameimarika. Hakumkumbatia, mambo ya miaka kumi na tisa hayakumbatiwi siku moja. Alimpa mkono. Mzee aliupokea kwa mikono miwili.

Kisha akatazama juu ya mabega ya watu, uso ukamchangamka.

"Aa, fundi! Karibu. Mlango bado unafunga vizuri kabisa."

Muhonja aligeuka taratibu. Wakoli alikuwa mwekundu wa masikio.

"Fundi?"

"Huyu alinitengenezea mlango mwezi wa tano," Mzee Bwire alisema. "Nikamwambia binti yangu ndiye anayetembeza wageni. Akaacha msumari mdomoni, akakaa chini. Hakuniambia kwa nini."

*

Njia ya kwenda Jericho ilikuwa fupi mno kupitia uchochoro. Muhonja na Wakoli walijiacha nyuma.

"Tangu mwezi wa tano," alisema Muhonja.

"Tangu mwezi wa tano."

"Na shangazi?"

"Alijua siku ya kwanza kabisa. Aliuliza kwenye kinu, wakamwonyesha mlango. Alitaka kupanda basi jioni ile ile akawaambie wazee. Nikampigia magoti. Nikasema, rudi tena, mwulize kuhusu ile njia, mpe nafasi. Wiki ya pili nikampigia magoti tena." Alijikuna kichwa. "Leo alisema magoti yangu yamemchosha."

Muhonja alikumbuka swali lile, kila Jumamosi, *mbona tunazunguka?* Alilisikia kama mtego. Kumbe kila mara mtu alikuwa akimfungulia mlango.

Hata hivyo, moyo uliozoea kushuku hauachi siku moja.

"Kwa hiyo mambo yamekwisha? Atawaambia vizuri?"

"Sijui. Kazi yake haina mpwa. Akiona nyumba ya waongo, atasema ya waongo."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitaoa mwongo. Lakini ningependa awe na baraka."

"Usinipeleleze tena, Wakoli."

"Na wewe usimzike mtu mwingine."

Alicheka bila kutaka, akijipangusa pua. Wakoli alifungua kiganja. Pete ya mti ilikuwa ndani.

"Ulisema hutaigusa."

"Nilidanganya. Tumelingana."

Aliichukua, lakini hakuivaa. Aliifumba mkononi, kwa sababu kibanda cha mama yake kilikuwa mbele, na pale ndipo palipokuwa na jibu.

Wageni walikuwa wamekwisha nawa. Khavere alikuwa akipakua. Ndung'u alikuwa tayari kwenye sahani ya pili ya siku hiyo. Triza alikaa pembeni pale pale, kwenye benchi lile lile, mkoba juu ya mapaja.

Muhonja alisimama karibu na nguzo. Aliona mkono wa Triza ukiingia mkobani, ukitafuta. Mkono ukatoka na ndizi moja. Muhonja akafumba macho.

"Wewe," alisikia Triza akiita. "Bwana wa kofia ya shanga. Unapenda ndizi?"

"Napenda kila kitu, aunty," Ndung'u alijibu.

"Basi chukua. Mimi zimenichosha."

Muhonja alifumbua macho. Triza alikuwa amesimama, akikunja mikono ya blauzi yake hadi kwenye viwiko. Alimwendea Khavere, akapiga goti kidogo kama mdogo mbele ya mkubwa, akanyoosha viganja vyake juu ya karai.

Khavere hakumwaga maji mara moja. Alimtazama mgeni wake usoni kwa muda mrefu, birika likiwa hewani.

"Binti yangu amepita njia gani leo?" aliuliza.

"Iliyonyooka, mama."

"Na mwenye nyumba ya huko yuko salama?"

"Ni mzima. Anasema mwezi ujao atahitaji koti la heshima."

Hapo Khavere alimwaga maji, mengi, yakafurika karaini hadi chini. "Mrenda au kunde?"

"Vyote," alisema Triza. "Nimefunga Jumamosi tatu."

Alikaa. Alimega ugali, akaufinyanga, akaubonyeza kwa kidole gumba, akachovya. Wakoli alikuwa ameacha kupumua. Muhonja hakumtazama yeye. Alilitazama lile tonge tangu kwenye sahani hadi mdomoni, na hakuamini hata kidogo mpaka alipoliona limemezwa.

Ndipo akaivaa pete yake.